Kompyuta Isiyowaka Mkomaindo: Insha Kuhusu Kueleza na Kuuliza

1. Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, Mswahili hakitumii kitenzi kufa kwa viumbe hai peke yao. Betri hufa, saa hufa ukutani, gari hufa njiani, na katika miaka ya karibuni kompyuta nayo hufa. Matumizi haya yamezoeleka mno hata hakuna anayeyashangaa. Hata hivyo, neno hili lina tabia moja inayostahili kutazamwa kwa makini: likishatamkwa, mazungumzo hufungwa. Aliyefiwa haulizwi maswali mengi, hupewa pole.

Insha hii inaeleza kisa cha mwalimu mstaafu wa Mkomaindo, mjini Masasi, ambaye mwishoni mwa mwaka 2016 alitamka neno "imekufa" juu ya kompyuta mpya aliyoiagiza Dar es Salaam. Neno hilo lilikaribia kumpotezea kompyuta yenyewe, kazi ya zaidi ya miaka thelathini, na mpwa wake. Linalokusudiwa hapa ni kuonyesha kwamba msaada mwema wa kiufundi ni tukio la lugha kabla haujawa tukio la bisibisi, na kwamba Kiswahili, pamoja na malalamiko yanayosikika mara kwa mara kuhusu upungufu wa istilahi zake, kina nyenzo zote zinazohitajika kwa kazi hiyo.

2. Mahali na mtu

Masasi si mahali pageni katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1876 Edward Steere, ambaye tayari alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, aliongoza msafara wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati (UMCA) uliofika hapo pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Tangu hapo Kiswahili kimeishi Masasi bega kwa bega na Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera. Mkomaindo, kwa upande wake, ni jina ambalo wakazi wengi wa wilaya wanapolisikia hukumbuka kwanza hospitali.

Mwalimu anayehusika alizaliwa mwaka 1952, akafundisha Kiswahili katika shule za sekondari za kusini, akastaafu mwaka 2012 alipotimiza miaka 60. Katika miaka yote ya kazi alikuwa na desturi ya kuandika vitendawili, methali na ngano kila aliposikia wazee wakizungumza, iwe ni uwanda wa Makonde upande wa Newala, iwe ni mabondeni upande wa Masasi. Daftari zilijaa. Alipopata kinasa sauti, kaseti nazo zikarundikana. Alipostaafu alikuta mchwa wamekwisha kula daftari mbili kutoka jalada la mbele hadi la nyuma, na kaseti kadhaa zimeanza kutoa sauti ya kuvuma. Akatambua kwamba anashindana na wakati.

Kizazi chake hakikukua na kompyuta. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilikataza kuingizwa kwa kompyuta nchini, na katazo hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitolewa mwaka 2003, wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938. Kwa hiyo mwalimu alijifunza kupiga chapa kwa kompyuta akiwa mtu mzima, katika ofisi ya shule, na daima kompyuta ilikuwa ya serikali. Alitamani apate ya kwake.

Fedha zilitokana na korosho. Katika mikoa ya kusini zao hili huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza msimu wa 2007/2008, ambapo mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, kisha hungoja mnada. Katika msimu wa 2016/2017 bei ya mnadani ilipita shilingi 3,000 kwa kilo, jambo ambalo wakulima wengi walikuwa hawajaliona. Mwalimu alipolipwa, hakununua bati wala pikipiki. Alimpigia simu mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam.

Hapana budi kueleza uzito wa jambo hilo. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na watoto hao ndio warithi wa heshima yake. Fedha inayotoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa si fedha ya biashara tu. Ni amana inayopita mbele ya macho ya ukoo mzima.

3. Kompyuta ya kuungwa

Mwalimu hakutaka kompyuta iliyokwisha fungwa kiwandani. Alitaka iungwe kwa mahitaji yake: diski mbili, ili kila anachoandika kibaki na nakala, tundu la kuingizia sauti ya kaseti, skrini pana kwa ajili ya macho yaliyochoka, na kasha linalofunguka kwa urahisi ili vumbi lipanguswe. Mpwa alipeleka orodha hiyo katika duka moja la Kariakoo, vipuri vikachaguliwa, kompyuta ikaungwa, ikawashwa mbele yake, ikafanya kazi. Akapewa risiti na dhamana ya miezi sita, na kibandiko kikabandikwa katika maungio ya kasha, chenye onyo kwamba atakayekibandua amepoteza dhamana.

Kompyuta ya namna hii ina faida na hasara zinazotoka katika chimbuko moja. Mwenyewe huchagua kila kiungo; lakini likitokea tatizo, hakuna kiwanda kimoja kinachosimama nyuma ya kitu kizima. Kila kipuri kina mtengenezaji wake. Muuzaji husema aliyeunga amekosea, aliyeunga husema msafirishaji ametikisa, msafirishaji husema mzigo ulikuwa mbovu tangu awali. Mnunuzi hubaki katikati, na silaha yake pekee ni maelezo.

Sanduku lilipakiwa katika basi la kusini. Lilivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, likapita Nangurukuru na Mingoyo, likapanda hadi Ndanda na Masasi, safari inayokaribia kilomita 600 yenye matuta yasiyohesabika. Lilisafiri likiwa limesimama, na juu yake kulikuwa na mizigo ya watu wengine. Wakati huo hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina maana yoyote.

4. "Imekufa"

Jioni ya siku lilipofika, mwalimu aliunganisha nyaya mbele ya mke wake, majirani wawili na mjukuu wake wa miaka tisa. Akabonyeza. Skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Ikabaki nyeusi.

Alilipigia simu duka akasema, "Kompyuta imekufa." Aliyepokea akajibu kwa neno moja: "Ilete." Mwalimu alieleza kwamba yuko Masasi. Jibu likawa lilelile. Kesho yake alimwita fundi mmoja wa jirani, ambaye alibonyeza mara moja, akaitazama skrini, akasema, "Madabodi imeungua. Hizi za kuungwa ndivyo zilivyo." Alitaja bei ya kuibadilisha, akaondoka.

Hapo ndipo wazo baya lilipoingia. Mwalimu alianza kukumbuka kwamba vipuri vilivyokwisha kutumika huuzwa kwa bei ndogo, kwamba yeye mwenyewe hakuwepo dukani, na kwamba kijana wa mjini ana shida nyingi za fedha. Usiku alimpigia dada yake, yaani mama wa kijana, akamwambia, "Mwanao ameniibia." Dada hakujibu. Kwa desturi za ukoo wao, ukimya huo ulikuwa jibu zito.

Ni vema msomaji azilinganishe kauli hizi mbili: imekufa, ameniibia. Zote zina kiambishi -me-. Hali hii timilifu huwasilisha matokeo ya jambo lililokwisha kutendeka. Haidai msemaji aonyeshe hatua zilizoyaleta matokeo hayo. Mtu anaweza kusema imekufa bila kueleza iliugua vipi, na anaweza kusema ameniibia bila kueleza wizi ulitendeka lini na kwa namna gani. Sarufi haina kosa, kwani lugha zote zina njia ya kutaja matokeo. Kosa ni la msemaji anayeyataja matokeo asiyoyajua kwa umbo la lugha linalomfanya aonekane anayajua.

5. Maswali

Mpwa alipopata habari kutoka kwa mama yake hakujitetea. Alimwendea binti mmoja aliyesoma naye, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi, akamwomba azungumze na mjomba. Simu ya mwalimu ilikuwa ile ya kawaida yenye tochi, isiyotuma picha. Chochote ambacho binti huyo angekiona Masasi angekiona kwa maneno tu. Methali husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yeye hakuwa na fimbo nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kata simu, nitakupigia mimi, usimalize salio lako."

Alipopiga, mwalimu akaanza, "Kompyuta imekufa."

"Pole sana, Mwalimu. Nani kasema imekufa?"

"Fundi wa hapa. Na mimi mwenyewe naiona."

"Unaona nini?"

"Haiwaki."

"Nini hakiwaki?"

Mwalimu alinyamaza. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amesahihisha insha za wanafunzi kwa wino mwekundu, akiandika pembeni: fafanua. Sasa alikuwa ameulizwa swali lake mwenyewe.

"Skrini," akasema. "Skrini haiwaki."

"Na taa ndogo iliyo mbele ya kasha?"

"Hiyo inawaka."

"Feni?"

"Nasikia inazunguka."

Kwa majibu hayo matatu hukumu ya awali ilianguka. Kitu kilichokufa hakizungushi feni. Umeme wa ukutani ulikuwa unafika, swichi ya nyuma ilikuwa imefunguliwa, na kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai kilikuwa kinatoa angalau sehemu ya kazi yake. Binti hakusema tatizo ni nini. Alisema tu kwamba sasa wanajua mambo matatu ambayo siyo tatizo.

Akamwomba aizime kompyuta, achomoe waya wa picha, kisha aiwashe skrini peke yake. Maandishi madogo yakatokea, yakakaa kitambo, yakapotea. Maana yake skrini ilikuwa nzima, lakini haikuwa ikiletewa ujumbe. Akamwomba aurudishe waya, aubane kwa mkono pande zote mbili. Bado giza.

"Je, unasikia mlio wowote?"

"Hapana. Isipokuwa simu yangu hii, betri yake inakaribia kwisha, inalialia."

Mjukuu, aliyekuwa amekaa chini karibu na kasha, akasema, "Babu, si simu. Ni hiki kinacholia."

Binti aliyasikia maneno hayo. Hakuyakubali wala hakuyakataa. Alisema, "Mwalimu, nakata. Izime simu kabisa. Bonyeza kompyuta, usikilize kwa dakika mbili, uhesabu. Ukimaliza, washa simu, nitapiga." Mwalimu alifanya alivyoambiwa. Simu ikiwa imezimwa juu ya meza, mlio uliendelea: mrefu, ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi.

Ni vema kueleza hapa kinachotokea. Kompyuta inapopewa umeme, kabla haijaonyesha neno lolote katika skrini, hujikagua: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha. Ikikuta kasoro ambayo inaizuia hata kuonyesha picha, hubaki na njia moja ya kusema, nayo ni kilio cha kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya kasha, pale kilipowekwa. Maana ya milio hutofautiana kwa watengenezaji. Mlio mmoja mfupi katika bodi nyingi ni salamu ya afya njema, ilhali milio mirefu inayorudiwa mara nyingi ni dalili ya kumbukumbu. Ndiyo maana binti hakukisia. Alimtaka mwalimu atafute kijitabu kilichokuja na madabodi. Mwalimu alikipata chini ya sanduku, akasoma jedwali la milio, na jedwali likaitaja kumbukumbu.

6. Kibandiko na bisibisi

Ilikuwa rahisi kumwambia mwalimu afungue kasha usiku uleule. Binti alikataa. Kwanza alimtaka mpwa aende dukani na risiti, aeleze waliyoyaona kwa mfuatano, na aombe ruhusa ya maandishi ya kubandua kibandiko bila kupoteza dhamana. Duka lililosema "ilete" kwa neno moja lilipopewa maelezo ya sentensi tano lilijibu kwa ujumbe wa simu: fungueni, kagueni ramu, mkishindwa tutabadilisha. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni walichoambiwa.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji wa Tanzania dhidi ya mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na kwa hakika ni vema mlaji ajue kwamba ipo. Lakini hata mlango wa sheria hufunguliwa kwa maelezo: kilinunuliwa nini, lini, kwa ahadi gani, na kimetokea nini. Anayefika na neno "imekufa" peke yake hatafika mbali huko pia.

Kesho yake mchana, kwa mwanga wa dirisha, kazi ilifanyika kwa maagizo ya simu. Maagizo hayo yalikuwa mafupi, moja kwa wakati mmoja, na mwalimu alitakiwa kulirudia kila agizo kabla ya kulitekeleza:

(i) Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe.

(ii) Laza kasha mezani, ubavu unaofunguka ukiwa juu. Usikifungue kisanduku cha umeme kwa hali yoyote, kwa sababu hutunza umeme hatari hata kikiwa kimechomolewa.

(iii) Gusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke usije ukaunguza vipuri.

(iv) Tafuta vipande viwili vyembamba vilivyosimama sambamba. Tazama ncha zake. Sema unachoona, usiguse.

"Kimoja kimebanwa huku na huku," mwalimu akasema. "Cha pili kimebanwa upande mmoja. Upande wa pili kibano kimefunguka, na kipande kimeinuka kidogo, kama jino linalotaka kung'oka."

"Ahsante, Mwalimu. Kichomoe chote, kitazame, kirudishe. Bonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka kibano kijifunge chenyewe."

Kibano kilijifunga kwa mlio mdogo ambao ulisikika hadi Dar es Salaam. Waya ukarudishwa. Mwalimu akabonyeza. Safari hii kompyuta ilitoa mlio mmoja mfupi, na maandishi yakatokea.

Kipande kimoja cha kumbukumbu kilichokaa nusu hutosha kuzuia mashine nzima isimalize kujikagua. Madabodi haikuwa imeungua. Vipuri vilikuwa vipya. Matuta na mizigo vilikuwa vimefanya kazi yake. Laiti kasha lingesafirishwa likiwa limelazwa, madabodi ikiwa chini, uzito wa vipuri ungevikalisha mahali pake badala ya kuvivuta. Aidha, laiti mwalimu angeirudisha kompyuta dukani kama alivyoagizwa kwanza, ingetikiswa kilomita nyingine 600, ikarekebishwa kwa dakika moja, ikarudi ikitikiswa tena.

Binti hakukata simu hapo. Alimtaka mwalimu aizime na kuiwasha mara tatu, aiache ikifanya kazi kwa saa nzima, kisha aandike katika karatasi namba za vipuri vyote na aihifadhi pamoja na risiti. Siku mbili baadaye alipiga tena kuuliza hali. Wengi hutoa msaada. Wachache hurudi kuuliza kama umefaa.

7. Sarufi ya malalamiko

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa majina. Wapo wanaopenda kompyuta, wapo wanaopenda tarakilishi, na wengine ngamizi. Wapo wa kibodi na wapo wa baobonye. Juhudi hizo zimezaa matunda. Mwaka 2004, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na baada yake Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya programu zake. Hakuna anayeweza kubeza kazi hiyo.

Hata hivyo, katika kisa cha Mkomaindo jina halikuwa kikwazo. Binti alisema ramu, mwalimu alisema kipande chembamba, wakaelewana. Vikwazo vilikuwa viwili, na vyote ni vya sarufi na matumizi wala si vya msamiati.

Kikwazo cha kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Kompyuta, skrini, taa, feni, swichi, soketi, diski, ramu na hata simu ni maneno ya ngeli moja, kwa kuwa maneno mengi ya mkopo huingia katika ngeli hiyo. Yote hupatanishwa kwa i-. Msemaji akisema haiwaki, inalia, imezima, kiambishi hicho hakimwambii msikilizaji ni kipi kati ya vitu tisa kinachozungumziwa. Ana kwa ana, kidole huonyesha. Katika simu hakuna kidole. Swali "Nini hakiwaki?" halikuwa la kumwonea mzee, lilikuwa swali la kisarufi, likitaka nomino irudishwe mahali ilipodondoshwa. Na ni kwa sababu hiyohiyo mlio wa kompyuta ulipewa simu: vyote viwili ni i-, na "inalialia" iliwafaa wote. Mtoto alivunja utata huo kwa neno moja la ngeli nyingine: hiki.

Kikwazo cha pili ni njeo. Kauli haiwaki huweza kufunika angalau hali nne: mashine isiyoonyesha dalili yoyote ya umeme, inayoanza kisha ikazima baada ya sekunde chache, inayozunguka na kunguruma huku skrini ikiwa giza, na inayoonyesha maandishi lakini isifike mahali pa kufanyia kazi. Chanzo cha kila hali ni tofauti na dawa yake ni tofauti. Kinachozitenganisha ni masimulizi, na Kiswahili kina kiambishi mahususi cha masimulizi, yaani -ka- ya mfuatano: nilibonyeza, taa ikawaka, feni ikazunguka, kitu kikalia, skrini ikabaki giza. Sentensi hiyo haina istilahi hata moja ya kitaalamu. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuitunga. Lakini fundi aliye mbali akipewa sentensi hiyo huwa amepewa nusu ya tiba.

Wakazi wa Mkomaindo wana mfano wa karibu. Mgonjwa anayefika kwa tabibu akasema "nina homa" huulizwa: ilianza lini, hupanda saa ngapi, kabla yake ulihisi nini? Hakuna anayeyaona maswali hayo kuwa ni kupoteza wakati, kwa sababu kila mtu anajua kwamba homa ni jina la magonjwa mengi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayetaja ugonjwa badala ya dalili naye ameficha, ijapokuwa hakukusudia. Msaidizi mwema hutambuliwa kwa uvumilivu wa kumrudisha mlalamikaji kutoka kwenye hukumu hadi kwenye aliyoyaona na kuyasikia, bila ya kumfanya ajione mjinga. Fundi wa jirani alikuwa na mikono na macho mahali pale pale, lakini hakuuliza. Binti alikuwa mbali, akauliza.

8. Hitimisho

Jioni ya siku ile kompyuta ilipowaka, mwalimu hakuanza kuchapa vitendawili. Alimpigia dada yake. Angeweza kusema "nimekosea," na dada angeridhika. Badala yake alisimulia yote kwa mfuatano: sanduku lilifika, nikaunganisha, ikabaki giza, nikaambiwa imeungua, nikaamini, nikamfikiria mwanao vibaya, nikakupigia, nikasema neno lile. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, mwambie na yeye hivyohivyo." Mwalimu akampigia mpwa, akamsimulia hivyohivyo.

Kijana alijibu, "Mjomba, hapana neno. Zile kaseti utaanza na ya nani?"

Wakaanza na ile iliyokuwa ikivuma zaidi.